Mlio kwenye Mlango wa Handaki

Leo tuziache tovuti kidogo tuzungumzie treni.

Mwezi Machi 1975, Shinkansen, reli ya mwendo wa kasi ya Japani, ilirefushwa kutoka Okayama hadi Hakata. Zaidi ya nusu ya kipande hicho kimo ndani ya mahandaki. Basi likazuka jambo: treni inaingia upande huu wa handaki, na upande wa pili unasikika mlio kama wa mzinga, treni yenyewe haijatokea bado! Madirisha ya nyumba za karibu yakawa yanatikisika. Aliyeudhika zaidi hakuwa abiria, bali jirani ambaye hata tiketi hakukata.

Chanzo ni nini? Treni inayoingia handakini husukuma hewa kama pampu ya baiskeli. Wimbi la shinikizo hutangulia mbele kwa kasi ya sauti, kama mita 340 kwa sekunde. Reli ikilala juu ya kokoto, wimbi hupunguzwa makali njiani. Hapa reli ililazwa juu ya mabamba ya saruji, hivyo katika handaki refu wimbi lilizidi kunoleka hadi mlangoni. Tena ukali wake linapozaliwa hufuata kipeo cha tatu cha mwendo: toka kilomita 210 kwa saa hadi 300, unaongezeka karibu mara tatu.

Dawa ya kwanza ilikuwa kuongeza vibanda vyenye matundu kwenye milango ya mahandaki, ili shinikizo lipande polepole. Ya pili ni pua ndefu. Treni ya 500, ya mwaka 1997, ilikwenda kilomita 300 kwa saa ikiwa na pua ya mita 15. Lakini pua ndefu hula viti.

Hapo ndipo tarakilishi ilipofaa. Handaki hukatwa vyumba vidogo vidogo. Kwa kila chumba, programu hupiga hesabu ya hewa inayoingia na kutoka, hatua baada ya hatua, kwa milinganyo iliyotokana na kazi ya Leonhard Euler ya karne ya 18. Kwa treni ya N700, iliyoanza kazi mwaka 2007, maumbo mengi ya pua yalishindanishwa, yaliyofaulu yakachanganywa kuzaa mengine, kama afanyavyo mfugaji. Ikapatikana pua ya mita 10.7, mwendo ukabaki 300, na viti vya behewa la mbele vikaongezeka.

Nasi tunaoandika programu tujiulize: tunapojaribu kazi yetu, tunamfikiria mtumiaji peke yake, au na jirani asiye na tiketi?