Njaa Ikiitwa Tabia

Mwaka 1873 madaktari wawili, William Gull wa London na Charles Lasègue wa Paris, waliwaeleza wenzao, kila mmoja kivyake, kuhusu wasichana waliokonda vibaya bila kifua kikuu wala ugonjwa wa tumbo. Walikataa tu kula. Jina ambalo bado tunalitumia, anoreksia nevosa, lilitoka kwa Gull.

Soma alivyomwandika Binti A, wa miaka 17. Anapima mapigo ya moyo, halafu anaongeza kwamba msichana ana hasira za karibu, ana wivu, na hatulii. Alishauri wagonjwa kama hao walishwe kwa saa maalum na watu wanaoweza kuwadhibiti. Jamaa na marafiki, kwake, ndio walezi wabaya zaidi. Yaani chakula ndiyo dawa, sawa, lakini pia msichana anyooshwe kidogo.

Miaka zaidi ya 100 baadaye tabia bado ilikuwa mezani. Kitabu cha daktari wa akili Hilde Bruch, The Golden Cage cha 1978, kimejaa mabinti wazuri: alama za juu, hawajibizani na wazazi, wanataka kila mtu afurahi. Hapo namwamini. Kabla sijaacha chuo niliishi hosteli na msichana wa aina hiyo, noti zake zimepangwa kwa rangi, sahani yake haijaguswa. Kwenye korido walisema anaringa.

Lakini kuna wanaume 36 wanaovuruga hadithi hii. Walikataa kwenda vitani kwa sababu ya dhamiri, wakajitolea kwa utafiti wa Ancel Keys katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani. Walichaguliwa wakiwa wazima, mwili na akili. Mwaka 1945, kwa miezi sita, chakula chao kilipunguzwa karibu nusu. Kumbe! Watu wapole wakawa wakali. Wakakusanya vitabu vya mapishi, wakalamba sahani, wakavuta mlo mmoja muda mrefu ajabu, wakajitenga. Na hakuna aliyeingia pale akiogopa unene.

Sasa zile hasira za Binti A zilikuwa zake au za njaa? Gull alikutana naye akiwa tayari amekonda. Ule ukamilifu wa mabinti wa Bruch huenda ulitangulia, ila ukali na upweke, mimi nauandikia njaa.

Kule Minnesota chakula kiliporudi, wengine walikula na kula bila kushiba. Hasira nazo hazikuondoka siku sahani ilipojaa.