Kunduchi Kabla ya Harusi

Kijana wa hoteli alitupeleka moja kwa moja kwenye bustani inayopakana na ufukwe. Maharusi watakaa hapa, akasema, meza kuu pale, na wapiga muziki wawe upande wa kaskazini. Binti wa kaka yangu, mwenye shughuli yake, alikuwa keshatoa simu anapiga picha. Mimi nikauliza jambo moja tu: tarehe mliyotupangia, mwezi utakuwa wa ngapi?

"Utakuwa mpevu kabisa, mama. Picha zitapendeza."

Mwezi mpevu ni bamvua. Mama yangu, mzaliwa wa Kunduchi Pwani, alitulea kwa hesabu hiyo: katika pwani yetu ya Dar es Salaam, maji ya bamvua hujaa alasiri kuelekea jioni, kati ya saa kumi na saa kumi na moja, na toka kupwa hadi kujaa yanapanda zaidi ya mita 3. Ratiba yetu ilisema ndoa ifungwe mchangani saa kumi na nusu. Ule ufukwe mpana tuliokuwa tumesimama tukiutazama saa nne asubuhi, saa hiyo ungekuwa chini ya maji, na mawimbi yangekuwa yanapiga ukuta wa bustani. Tumeisogeza tarehe kwa wiki moja, iangukie maji mafu.

Kamati nyingi za harusi zinaitazama Kunduchi kama kiwanja kitupu chenye mandhari nzuri, kinachongoja viti na vitambaa. Lakini Kunduchi ni mji wa zamani. Katikati ya mibuyu, si mbali na hoteli, yapo magofu ya msikiti wa karne ya 15 au ya 16, na kuuzunguka kuna makaburi, mengi ya karne ya 18. Baadhi yana nguzo ndefu za mawe na chokaa. Ukisogea karibu na nguzo utaona mashimo ya mviringo, kila moja lina ukubwa wa bakuli, kwa sababu lilikuwa la bakuli kweli: vyombo vya kauri vilivyokuja kwa majahazi, vingine kutoka China, vilipachikwa kwenye chokaa ikiwa bado mbichi ili kumtukuza marehemu. Vingi vimeng'olewa. Vichache vimebaki, vimepasuka, ila rangi ya buluu bado unaiona. Waliokaa hapa walikuwa na uwezo wa kununua chombo cha ng'ambo na kukiacha kaburini. Hao ndio wenyeji wa kwanza wa mandhari tunayoikodisha kwa usiku mmoja.

Hoteli ni jambo la juzi. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967, na miaka hiyo hiyo nchi ilikuwa inatafuta fedha za kigeni kwa kila njia. Pwani hii ya kaskazini, kama kilomita 20 na ushei kutoka mjini, ikaota hoteli: Africana, Kunduchi Beach, Bahari Beach. Hizi mbili za mwisho zilikuwa chini ya shirika la umma la utalii, TTC. Bahari Beach ilijengwa kwa vibanda vya mawe ya matumbawe na mapaa ya makuti, kana kwamba mgeni kakaribishwa kijijini, ila kijiji chenyewe kilikuwa nje ya uzio.

Watu waliliona hilo mapema. Mwaka 1970 vijana wa TANU walianzisha mjadala mkali katika gazeti la The Standard: utalii unaijenga nchi ya kijamaa, au unatuzoeza tena kuwa watumishi wa wageni? Wapo waliojibu kwamba bila dola za watalii hatutanunua mashine. Issa Shivji alikusanya hoja hizo katika kitabu kilichotolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1973, na mimi naona kila mwenye hoteli ya ufukweni angefaa kukisoma. Swali la nani anakaribishwa na nani anafagia lilikuwa swali la haki, na lilistahili jibu.

Jibu halikuja kwa azimio. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, mpaka wetu na Kenya ukafungwa, na watalii waliokuwa wakipitia Nairobi wakapungua. Kisha vita vya Kagera, kisha miaka ya uhaba. Harusi zetu wakati huo zilikuwa za uani na za barabarani: turubai linafungwa kwenye miembe ya jirani, mkeka na jamvi, sufuria la pilau juu ya mafiga, kina mama wamekesha wakipeta mchele. Soda na bia zilipatikana kwa kibali. Nakumbuka baba akitoka nyumbani na barua aliyoandikiwa na mjumbe wa nyumba kumi, kwenda kuomba kreti kwa ajili ya harusi ya dada yangu, na akarudi na chache kuliko alizoomba, lakini akarudi akiimba. Wakati huo Kunduchi kwetu ilikuwa ya samaki na ya mazishi. Hotelini waliingia wenye kazi huko.

Biashara ilipofunguliwa na mashirika ya umma yakaanza kuuzwa, miaka ya 1990, hoteli zilihitaji watu wa kujaza viti mwaka mzima, si msimu wa watalii tu. Na sisi tulikuwa na kamati. Mwenyekiti, katibu, mweka hazina, daftari la ahadi, kadi za mchango za mtu mmoja na za wawili, vikao kila Jumapili. Mshona nguo anatoa, dereva anatoa, bosi wake anatoa, na fedha hiyo iliyochangwa kidogo kidogo ikanunua meza mahali ambapo wazazi wetu walipaona kwa mbali. Wapo wanaoilaumu michango ya harusi, na yapo ya kulaumu. Ila kwa Kunduchi naitetea: ndiyo iliyofungua lango ambalo mjadala wa 1970 ulilibishia hodi. Sasa bibi wa Kizaramo anaketi meza ya mbele, ndafu inaingizwa na wakwe kutoka Moshi, na anayekaribishwa ni mwananchi.

Tatizo ni kwamba tumeingia ufukwe ukiwa unaondoka. Africana iliharibiwa na bahari na kuachwa. Mchanga uliokuwa ukishushwa na mito kuja kuulisha ufukwe unachimbwa mitoni ukajenge nyumba za jiji lile lile linaloleta harusi. Matumbawe yanayovunja nguvu ya mawimbi yalipigwa baruti kwa miaka mingi, ingawa Mbudya na Bongoyo, visiwa vinavyoonekana mbele ya maharusi katika kila picha, vilitangazwa hifadhi tangu 1975. Hoteli zimejenga matuta ya mawe kuzuia mchanga usihame. Tuta likiokoa ufukwe wa huyu, mara nyingi linaunyima wa jirani.

Kwa hiyo ndugu wa kamati, mkija kutazama ukumbi Kunduchi, ulizeni bamvua kabla ya kulipa malipo ya awali. Waulizeni wenye hoteli mchanga wa ujenzi wao unatoka wapi. Samaki wa karamu wanunueni kwa wachuuzi wa Kunduchi Pwani, siyo mjini. Na siku hiyo hiyo piteni magofuni pamoja na maharusi, mlipe kiingilio, mwone nguzo zile zingali zimesimama.