Mota ya Hatua na Kiendeshi Chake

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Katika insha hii nitaeleza historia ya mota ya hatua, ambayo mafundi wengi huiita stepa. Mota hii haizunguki mfululizo kama ya feni. Husogea hatua moja, ikasimama, kisha ikasogea tena. Hoja yangu ni kwamba tangu mwanzo haijawahi kufanya kazi peke yake. Uwezo wake umetegemea sana kile kinachoigawia umeme, yaani kiendeshi. Anayenunua mota kwanza na kukumbuka kiendeshi baadaye huenda akalipa mara mbili.

Nina sababu ya kuliandika jambo hili. Hapa Kampala, mimi na wanafunzi wenzangu tunatengeneza mashine ndogo ya kuchonga mbao. Pesa tulizochanga zinatosha kununua vifaa mara moja tu, na mota nyingine tumezitoa katika printa zilizokufa. Tukichagua vibaya, kazi itasimama. Ndiyo maana nilianza kuuliza waliotutangulia walichaguaje.

Mwaka 1919, C. L. Walker, mhandisi wa Aberdeen huko Uskoti, alipata hataza ya mota yenye meno madogo kwenye chuma chake ili hatua ziwe fupi. Kabla ya mwaka 1930, manowari za Uingereza zilikuwa zikitumia mota za hatua kuonyesha mwelekeo wa mizinga na mirija ya topido. Kiendeshi kilikuwa swichi ya kuzungusha kwa mkono. Baharia akizungusha mpini mara moja, umeme ulibadilishwa mara sita, na kila badiliko liliisogeza mota nyuzi 15. Mzunguko mmoja wa mpini ukawa nyuzi 90 za mota, kisha gia zikaupunguza mwendo huo ili uwe sahihi zaidi. Kwa hiyo mwendo wa mota haukuweza kuupita mwendo wa mkono wa mtu.

Mwaka 1952, Feiertag na Donahoo wa kampuni ya General Electric, Marekani, walipata hataza ya mota iliyounganisha sumaku ya kudumu na meno madogo. Wao walitaka mota inayozunguka polepole kwa umeme wa kawaida, lakini umbo hilo ndilo lililozaa mota ya hatua tunayoiona sana leo. Sehemu yake inayozunguka ina meno 50, na mzunguko mmoja una hatua 200, kila hatua nyuzi 1.8.

Hapo tatizo likahamia kwenye umeme. Waya uliozungushwa kwenye chuma haukubali mkondo uingie ghafla. Mota ikiharakishwa, amri ya hatua ya pili hufika kabla mkondo wa hatua ya kwanza haujajaa. Nguvu hupungua, na mota huruka hatua bila kumwarifu mtu. Mwenda pole hajikwai, lakini kiwanda hakitaki kwenda pole. Dawa ya kwanza ilikuwa kuongeza volti ili mkondo uingie haraka, kisha kuweka vizuizi vya umeme ili usizidi. Dawa hiyo ilifanya kazi, ila umeme mwingi uliishia kuwa joto tu. Dawa bora ilikuja na transista: kiendeshi hutoa volti nyingi, hupima mkondo, na unapofika kiwango kilichowekwa hukata na kurudisha umeme maelfu ya mara kwa sekunde. Miaka ya 1980, saketi ndogo kama L297 na L298 ziliuweka ujuzi huo kwenye vipande viwili vinavyoshikika kwa vidole.

Historia inatuonyesha pia mpaka wa mota hii. Huko Japani mwaka 1959, kampuni ya Fujitsu, chini ya mhandisi Seiuemon Inaba, ilitengeneza mota ya hatua iliyosaidiwa na nguvu ya mafuta ili isukume mashine nzito za viwandani. Iliuzika vizuri. Lakini baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973, Fanuc, kampuni iliyotokana na kazi hiyo, iliiacha na kuhamia mota za servo, ambazo hutoa taarifa ya mahali zilipo. Kwa mzigo mzito na mwendo wa kasi, uamuzi huo ulikuwa sahihi. Kwa mashine ndogo, mota ya hatua bado ni nafuu na inatosha.

Mwaka 2005, Adrian Bowyer wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, alianzisha mradi wa RepRap, akagawa bure michoro ya printa ya 3D inayotumia mota za hatua. Mwaka 2013 mjini Lomé, Togo, Afate Gnikou alionyesha printa ya 3D aliyoiunda kwa sehemu nyingi za printa, skana na kompyuta zilizotupwa. Mfano huo wa Lomé ndio ulionipa moyo kuhusu mota zetu za printa.

Sasa nije kwenye uchaguzi wenyewe. Kwanza, namba ya NEMA 17 inataja tu upana wa uso wa mota, inchi 1.7 au milimita 42 hivi. Haisemi lolote kuhusu nguvu. Pili, linganisha mkondo, si volti. Mota ya ampea 1.5 yenye ukinzani wa omu 2 huandikwa volti 3, na muuzaji atakuonya usiipe 24. Kwa kiendeshi kinachodhibiti mkondo, 24 ndizo zinazoipa kasi. Tatu, usiamini namba kubwa ya kiendeshi. A4988 husifiwa kwa ampea 2, lakini bila kupozwa huweza kama 1 tu. DRV8825 huweza kama 1.5. Mota ya ampea 3 inahitaji kiendeshi kikubwa zaidi ya hivyo. Nne, kiendeshi kinapogawa hatua moja mara 16, mwendo huwa laini na kelele hupungua, lakini usahihi hauongezeki mara 16.

Kundi letu limeamua hivi: mota za printa zitabeba sehemu nyepesi tu, baada ya kupima ukinzani wa kila moja. Kwa meza inayobeba mbao tutanunua mota na kiendeshi siku moja, karatasi za vipimo vyote viwili zikiwa mkononi. Swichi ya baharia na saketi ya leo zinafanya kazi ileile, nasi hatuoni sababu ya kuvitenganisha vitu hivi viwili dukani.