Unapanga Kuenda Rwanda? Hii Hapa Rada ya Hali ya Hewa, Msimu kwa Msimu

Kama wewe na mbogi yako mmekuwa mkichanga doo ya kuenda Rwanda, kuna kitu moja mjue kabla mkate tiketi ya basi. Hiyo nchi ni milima karibu kila pahali, ndio maana inaitwa nchi ya vilima elfu moja. Mvua ikizidi huko, udongo unaweza kuteremka usiku mmoja ukafunika barabara, hata nyumba. So mwezi utakaochagua ni muhimu kuliko hoteli.

Wanyarwanda wamegawa mwaka kwa misimu minne:

1. Urugaryi (katikati ya Desemba hadi Februari)
Hiki ni kiangazi kifupi. Mvua haikatiki kabisa, lakini inapungua. Ni wakati fiti wa kuenda Rubavu ama Karongi, ukae kando ya Ziwa Kivu. Krismasi watu huwa wengi, kwa hivyo Januari na Februari ni afadhali kwa mfuko.

2. Itumba (Machi hadi Mei)
Masika yenyewe. Aprili ndio huwa noma zaidi. Wageni wanapungua, bei za vyumba zinashuka, na hapo ndio wengi huingia boksi. Usiku wa kuamkia Mei 3, 2023, mafuriko na maporomoko ya ardhi yaliua zaidi ya watu 130, wengi wao magharibi na kaskazini mwa nchi. Hizo ndizo pande ambazo watalii hupenda. Ukienda msimu huu, usilale kwa keja iko chini ya mteremko ama kando ya mto, na usisafiri usiku.

Pia kumbuka Aprili 7. Siku hiyo nchi huanza kuomboleza mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994. Wiki hiyo hakuna raha wala muziki wa kelele. Kama unatafuta sherehe, usiende wakati huo. Kama unaenda, nyenyekea.

3. Impeshyi (Juni hadi mapema Septemba)
Huu ndio msimu wenyewe. Njia za mlimani zimekauka, na kupanda Bisoke (mita 3,711) ama kutafuta sokwe Musanze hakukutesi sana. Kibali cha sokwe kwa mgeni wa kawaida ni dola 1,500, lakini sisi wa Afrika Mashariki tuna bei yetu ya chini, so uliza kwanza. Ubaya ni vumbi na watalii wengi, kwa hivyo lipia mapema.

4. Umuhindo (katikati ya Septemba hadi mapema Desemba)
Vuli. Asubuhi mara nyingi ni safi, halafu mvua inakuja mchana. Msitu wa Nyungwe unakuwa kijani kibichi, lakini njia zinateleza. Beba viatu vya kushika.

Baridi je?
Kigali iko chini kidogo kuliko Nairobi, so mchana ni kama nyuzi 26 na usiku kama 15. Lakini ukipanda Karisimbi, mita 4,507, hodi yako ya mtaani haitakusaidia. Beba koti nzito na ya mvua, hata Julai.

Mambo madogo
- Mkenya anaingia na kitambulisho, hakuna viza.
- Rudisha saa nyuma kwa saa moja.
- Usibebe juala. Walizipiga marufuku 2008, kabla yetu.
- Jumamosi ya mwisho ya mwezi ni umuganda, kazi ya jamii. Maduka na magari mengi husimama hadi saa tano asubuhi, so usipange safari hapo.

Ukipewa likizo mara moja tu kwa mwaka, omba Juni ama Julai. Ukikosa, ngoja Januari. Na kama ni lazima uende Aprili, kaa Kigali na uache milima itulie. Itakuwa hapo tu Juni ikifika.