Simamisha Ujenzi

Ukishuka Murongo kuelekea Mto Kagera, Kikagati ya Uganda ikionekana ng'ambo, utakutana na maandishi ya rangi nyekundu ambayo sijaona mhakiki hata mmoja akiyagusa. Nyumba hii haiuzwi. Simamisha ujenzi. Mimi nayasoma kama wengine wanavyosoma magazeti, na hilo la pili ndilo lililonifanya nifukue historia ya zuio la muda.

Rangi peke yake siyo zuio. Zuio ni amri ya mahakama au baraza la ardhi, na ukoo wake ni mrefu. Tanganyika ilitumia sheria ya mwenendo wa madai ya India ya 1908 mpaka 1966 tulipotunga yetu, na hiyo yetu ni mtoto aliyefanana na mzazi: kule mazuio yapo Amri ya 39, huku Amri ya 37. Mwaka 1969 Mahakama Kuu ikaamua kesi ya Atilio dhidi ya Mbowe, na mpaka leo wakili anayeomba zuio ni nadra asiitaje. Inadai mambo matatu. Pawe na hoja nzito ya kusikilizwa, yenye dalili kwamba mwombaji anaweza kushinda. Bila zuio, mwombaji awe hatarini kupata hasara isiyorekebishika kabla haki yake haijajulikana. Na mizani ioneshe kuwa yeye ataumia zaidi amri ikikataliwa kuliko mwenzake ikitolewa.

Hilo la pili ndilo linaloninyima usingizi. Hasara ikiweza kulipwa kwa fedha, kwa kawaida zuio halitoki. Kwa fremu ya duka, sawa, ina bei. Lakini Murongo ni mji uliokua juu ya vibanja, na kibanja siyo kiwanja hata kama maneno yanafanana. Kibanja ni migomba, kahawa, nyumba, na nyuma ya nyumba makaburi. Mpakani ulipandwa mlamula, mmea ambao masikioni mwangu jina lake ni kuamua kwenyewe. Yaani wazee walimpanda hakimu palepale, akae usiku na mchana bila posho. Biashara ya mpakani ikanoga, vibanja vikakatwakatwa, 2012 Kyerwa ikatoka Karagwe na kuwa wilaya, bei nazo zikapanda. Siku hizi hakimu huyo anang'olewa usiku, asubuhi mchanga umeshamwagwa.

Shangazi yangu aliomba zuio. Baba yake, babu yangu, amezikwa pale msingi wa mtu ulipokuwa unapita. Akaulizwa, kwa upole kabisa, hasara yake ni kiasi gani. Akajibu, "Mwanangu, wewe wa kwako ungemuuza shilingi ngapi?"

Niliinamisha kichwa, nikajua kaharibu. Ilinichukua muda kuelewa kwamba bila kumsikia Atilio wala Mbowe, alikuwa amelijibu sharti la pili vizuri kuliko ambavyo mimi ningeweza kwa kurasa kumi. Amri ikatoka.

Ila Amri ya 37 ina mkono mwingine. Zuio lisizidi miezi 6. Laweza kuongezwa, lakini jumla lisipite mwaka 1. Sababu naielewa: bila kikomo mtu angepata zuio akailalia kesi, huku nondo za mwenzake zinaota kutu. Ila kesi za ardhi hazijui mwaka mmoja, zina rufaa zake. Na nyumba ikishapauliwa inageuka shahidi, tena shahidi mzito: hakimu gani ataamuru ibomolewe kirahisi, watu wamo ndani, watoto wanatoka humo kwenda shule? Kwa hiyo mjenzi mwenye subira hahitaji kushinda kesi. Anahitaji kalenda.

Tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, na karatasi ya shangazi ilikuwa ya Kiswahili. Aliisoma mwenyewe, kidole kikifuata mistari, mpaka akafika kwenye muda. Akavua miwani.

"Miezi sita," akasema. "Na baba naye wamempa miezi sita?"

Nilipomtembelea mwezi wa tano, tofali mpya zilikuwa zimepangwa vizuri upande wa pili wa msingi, zimefunikwa turubai. Shangazi alikuwa amepiga magoti upande wake, anapanda mlamula.