Kuku, Mchele na Mahindi: Mapokeo Matatu ya Kusoma Kifo cha Ndege

Mwaka 1889, kwenye maabara ndogo iliyokuwa ndani ya hospitali ya jeshi mjini Batavia, mji ambao leo unaitwa Jakarta, kuku walianza kupepesuka. Walishindwa kuparamia vijiti vyao vya kulalia, wakaanguka ubavu, shingo zikapinda nyuma, na wengine wakafa. Daktari Mholanzi Christiaan Eijkman alikuwa amewafuga ili awaambukize beriberi, maradhi yaliyokuwa yakiwavimbisha miguu, kuwafisha ganzi na hatimaye kuwasimamisha moyo askari wa vita vya Aceh na wafungwa wa Java. Yeye na wakubwa wake waliamini kwamba kuna kijidudu. Kilichomtatiza ni kuwa hata wale kuku ambao hakuwadunga kitu waliugua vilevile, kisha mwishoni mwa Novemba ugonjwa ukatoweka wenyewe.

Alipoulizauliza, akabaini habari ya jikoni. Mtunza kuku, ili kubana matumizi, alikuwa akiwapa wali mweupe uliobaki kwa wagonjwa. Kisha mpishi akabadilishwa, na mpishi mpya hakukubali wali wa jeshi uliwe na kuku wa kiraia. Kuku wakarudishiwa nafaka isiyokobolewa hadi ndani, nao wakasimama. Eijkman akarudia jambo lile kwa makusudi: mchele uliokobolewa mpaka ukawa mweupe uliwaangusha, na ule utando mwembamba unaobaki kwenye pumba uliwainua.

Hapa ndipo wengi wanapoishia, wakimpa sifa zote. Mimi navutiwa zaidi na kilichofuata. Eijkman aliona kweli lakini akaieleza vibaya: alidhani wanga wa mchele una sumu, na kwamba ule utando una dawa ya kuizima. Gerrit Grijns, aliyeendeleza kazi yake, ndiye aliyesema mwaka 1901 kwamba hakuna sumu yoyote, ila kuna kitu mwili unakihitaji na mchele mweupe hauna. Baina yao alikuwepo Adolphe Vorderman, mkaguzi wa afya, aliyepita katika magereza 101 ya Java na Madura akilinganisha mchele walioula wafungwa na idadi ya waliougua. Walikokula mchele mweupe beriberi ilijaa, na walikokula wa kutwanga ilikuwa adimu mno. Kitu chenyewe, tunachokiita leo vitamini B1, kilipatikana kikiwa fuwele mwaka 1926, palepale Batavia, mikononi mwa watafiti Jansen na Donath. Miaka mitatu baadaye Eijkman akagawana Tuzo ya Nobel na Mwingereza Frederick Hopkins.

Miaka michache kabla ya kuku wa Batavia, Wajapani walikuwa wamepita njia nyingine. Takaki Kanehiro, daktari wa jeshi la majini aliyesomea London, hakuwa na kuku. Alikuwa na mabaharia. Meli ya Ryujo ilirudi kutoka safari ndefu mwaka 1883 ikiwa na wagonjwa 169 katika watu 376, na 25 walikuwa wamekufa. Mwaka uliofuata Takaki akaomba meli nyingine, Tsukuba, ipite njia ileile lakini kwa chakula tofauti, chenye nyama, maziwa na mkate. Hakufa mtu kwa beriberi. Naye pia alikosea sababu, kwani alidhani kinachokosekana ni protini. Hata hivyo jeshi la majini likabadilisha mlo, baadaye likatia shayiri, na beriberi ikaondoka. Jeshi la nchi kavu, ambalo madaktari wake wengi walijengwa na mapokeo ya Kijerumani ya kusaka vijidudu, lilikataa. Katika vita na Urusi vya 1904 na 1905 maelfu kwa maelfu ya askari wake walikufa kwa beriberi. Walikuwa na maelezo yanayopendeza kitaaluma, wakakosa utii kwa hesabu. Naona hilo ni kosa zito kuliko makosa ya Eijkman na Takaki, ambao walikosea kueleza lakini hawakukataa kuona.

Mapokeo ya pili ni ya Uingereza, na hapa ndege amegeuka kutoka kitu cha maabara kuwa mali. Mwaka 1960 bata mzinga walianza kufa katika mashamba ya Uingereza. Wakazidi 100,000 katika miezi michache. Hawakuwa na virusi, hawakuwa na bakteria. Maini yao yalikuwa yameharibika. Kwa kuwa hakuna aliyejua jina, ukaitwa ugonjwa X. Madaktari wa mifugo wakafuata nyayo za chakula badala ya nyayo za mnyama, na nyayo zikaishia kwenye mashudu ya karanga yaliyotoka Brazili. Ndani yake kulikuwa na kuvu, Aspergillus flavus, na kuvu huyo alitoa kemikali iliyong'aa rangi ya buluu au kijani chini ya miale ya urujuanimno. Wakaiita aflatoksini, sisi tunaiita sumukuvu. Vifaranga vya bata vya siku moja ndivyo vilivyotumika kuipima, kwa sababu ini la kifaranga cha bata huonyesha dalili kwa dozi ndogo sana.

Kasi yake yastahili kutazamwa. Mwaka 1960 ndege wanakufa, 1961 kuvu anajulikana, na muda mfupi baadaye sumu ina jina na kipimo. Hapakuwa na werevu wa ajabu. Kila bata mzinga alikuwa na mwenyewe aliyejua alinunuliwa kwa kiasi gani, alilishwa nini, kutoka kiwanda kipi, na siku gani alianza kuzubaa. Daftari la mfanyabiashara likawa daftari la mpelelezi. Kifo kilichoandikwa ndicho kilichosomeka.

Nageukia sasa kwetu, kwenye mapokeo ya tatu, na siandiki juu yake nikiwa mtazamaji wa mbali. Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki mahindi hupitia mikononi mwa mwanamke kabla ya kwenda mashineni. Hupepetwa, huchambuliwa, punje zilizovunjika, zilizotobolewa na fukusi, zilizoota ukungu wa kijani huwekwa kando. Huu ni ujuzi wa kweli, na vipimo vya maabara vimeuthibitisha: sehemu kubwa ya sumukuvu hukaa kwenye punje chache mbovu, hivyo kuchambua kwa jicho na mkono hupunguza sumu kwa kiasi kikubwa. Wakamba wanaokoboa mahindi kwa ajili ya muthokoi hufanya zaidi ya hapo, kwani kukoboa peke yake kumeonekana kuondoa karibu nusu ya sumu kwa wastani, na kuloweka kwenye maji ya magadi huipunguza tena.

Lakini zile punje zilizowekwa kando huenda wapi? Kwa mwenye njaa hakuna kinachotupwa. Nyingine huvundikwa kwa pombe. Nyingi humwagwa uani, na kuku huzila.

Kuku wa kienyeji ni mgumu kuliko bata mzinga na kuliko bata wa kawaida. Hafi upesi kwa sumukuvu. Hudumaa, hupunguza mayai, na kinga yake hulegea, kiasi kwamba hata chanjo ya kideri hushika kwa udhaifu. Kisha kideri chenyewe kinapopita, kuku wa mji mzima huanguka, na jina la kideri hufunika kila kitu. Hakuna daftari. Kuku hawa hawakununuliwa kwa risiti wala chakula chao hakina kiwanda. Mbele ya macho yetu wanakula kile tulichokikataa sisi, na miili yao inakiandika, na maandishi yale hayasomwi na mtu. Batavia kuku alikuwa shahidi kwa bahati. Uingereza bata mzinga alikuwa shahidi kwa sababu ya bei yake. Uani kwetu, kuku tumemfanya jalala, na jalala haliulizwi linaumwa nini.

Ndiyo maana mara nyingi kwetu shahidi wa kwanza amekuwa binadamu. Mwaka 1981 watu 20 walilazwa Machakos, Kenya, wakiwa na macho ya manjano na mkojo mweusi, 12 wakafa. Mwaka 2004, Makueni, Kitui na wilaya jirani, wagonjwa 317 waliandikwa na 125 kati yao wakafariki, wengi wakiwa wamekula mahindi ya shamba lao wenyewe, yaliyovunwa yakiwa na unyevu na kuhifadhiwa ndani ya nyumba. Mwaka 2016 ikawa zamu ya Dodoma na Manyara upande wa Tanzania. India ilikuwa imeshaona haya mwaka 1974, katika vijiji vya Gujarat na Rajasthan, ambako zaidi ya watu 100 walikufa kwa mahindi yenye ukungu, na mbwa waliokula makombo ya nyumba zilezile waliugua na kufa pia.

Inauma zaidi ukikumbuka kwamba elimu yenyewe haikuwa ngeni kwetu. Mwaka 1973, watafiti Peers na Linsell walitoa utafiti wao wa Murang'a, ambako sampuli za chakula kilichokuwa tayari kuliwa zilikusanywa kutoka majumbani katika miinuko tofauti ya wilaya ile. Palipokuwa na sumukuvu nyingi zaidi kwenye chakula, saratani ya ini nayo ilikuwa nyingi zaidi. Huo ulikuwa miongoni mwa ushahidi wa mwanzo duniani uliounganisha sumu hii na saratani ya binadamu, nao ulitoka kwenye sahani za wakulima wa Kenya. Ulimwengu ukautumia kuweka viwango vya kulinda walaji wake. Kihenge cha mkulima wa Makueni kikaendelea kuvuja.

Nikiweka mapokeo haya pamoja, naona mgongano ambao sijauona ukisemwa wazi vya kutosha. Fundisho la Java ni kwamba usitupe pumba, kwa kuwa uhai uko ndani yake. Ndilo fundisho linalorudiwa na wauguzi wetu wanapowaambia wazazi waache sembe wale dona. Nami nakubali: sembe jeupe limenyang'anywa kiini na ganda, na pamoja navyo vitamini B1 na mafuta. Lakini fundisho la bata mzinga na la Machakos ni kwamba kuvu hupenda hapohapo, kwenye kiini chenye mafuta na kwenye ganda. Mahindi machafu yakikobolewa, sumu nyingi huenda na pumba. Mahindi yaleyale yakisagwa dona, mtoto hupewa vitamini na sumu katika kijiko kimoja cha uji.

Kwa hiyo dona ni chakula bora cha mahindi mazima, yaliyokaushwa vizuri, basi. Kuisifu dona bila kuuliza mahindi yalikaushwa wapi, juu ya turubai au juu ya udongo mtupu, ni kurudia kosa la jeshi la nchi kavu la Japani, yaani kushika maelezo mazuri na kufumbia macho hesabu. Na sembe nalo lina deni lake. Mashine ikikoboa, pumba hujazwa magunia na kuuzwa kuwa chakula cha kuku na ng'ombe. Ng'ombe akila, sehemu ya sumu hutoka kwenye maziwa ikiwa imebadilika umbo kidogo. Kuku akila, kiasi kidogo huweza kufika kwenye ini na yai. Tulichokisukuma nje kwa mlango wa jikoni hurudi mezani kwa mlango wa banda.

Tiba za shambani zipo. Kuvu wasiotoa sumu, wa jamii ileile, hurushwa shambani ili wawasukume wenye sumu; Kenya na Tanzania zote zimeruhusu bidhaa za aina hiyo, inayoitwa Aflasafe. Mifuko isiyopitisha hewa ipo. Udongo wa bentonaiti huchanganywa kwenye chakula cha kuku ili unase sumu tumboni. Haya yote yana gharama, na bado hayajibu swali la mama mwenye ungo. Amechambua kilo mbili mbovu katika debe la mwisho la msimu. Tukimwambia asiwape kuku, tunamwambia azike mali yake bila fidia. Shamba la bata mzinga lilikuwa na nguvu ya kwenda kumdai aliyeuza mashudu. Yeye hana wa kumdai, kwa sababu mahindi ni yake.

Ningependa maofisa wetu wa mifugo na wa afya waanze hapo, uani. Kuku wakifa kijijini miezi ya mwanzo baada ya mavuno, na kideri hakijapita, apasuliwe mmoja na ini lake litazamwe, na siku hiyohiyo kihenge cha nyumba ile kipimwe. Vipimo vya haraka vya sumukuvu vipo, na ofisa wa mifugo huwa anajulikana kijijini kwa jina. Mwenye nyumba abadilishiwe mahindi mabovu kwa mazuri papo hapo, kabla hajaulizwa swali la pili.