Ndege Iliyosimama kwa Mkia: Convair XFY-1 Pogo katika Kumbukumbu na katika Viigizi vya Urukaji

Tarehe 2 Novemba 1954, huko California, rubani wa majaribio James F. Coleman alipanda ngazi ndefu akaingia katika ndege iliyosimama wima kama mnara, pua ikielekea juu. Ndege hiyo ilipaa kutoka palepale iliposimama, ikajilaza angani ikawa kama ndege nyingine yoyote, kisha ikainua pua tena na kushuka kinyumenyume hadi ikasimama kwa mkia wake. Safari nzima ilichukua dakika 21, na kati ya hizo, dakika 7 zilikuwa za kuruka kimlalo. Jina lake rasmi lilikuwa Convair XFY-1, lakini wengi waliijua kwa jina la Pogo. Haikuingia vitani, haikupangiwa meli, na baada ya 1956 haikuruka tena. Hata hivyo, leo mtu mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kuketi mezani kwake akairusha. Makala hii inadai kwamba kiigizi cha urukaji, yaani programu ambayo wengi huiita simuleta, huhifadhi vizuri yale ambayo Pogo ilifaulu kuyafanya, lakini huficha lile lililosababisha ikataliwe.

Wazo la ndege hii lilizaliwa na tajiriba ya Vita vya Pili vya Dunia. Misafara ya meli za mizigo ilishambuliwa mbali na pwani, nazo manowari za kubeba ndege hazikutosha kuilinda yote. Jeshi la Wanamaji la Marekani likatamani ndege ya kivita ambayo ingepaa na kutua juu ya sitaha ndogo ya meli yoyote, bila njia ya kurukia. Mwaka 1951 kazi hiyo ilipewa kampuni mbili, Convair na Lockheed. Ndege ya Lockheed, XFV, haikuwahi kupaa wala kutua wima; iliwekewa magurudumu ya muda ikatumia uwanja wa kawaida. Kwa hiyo, katika mashindano yale, Pogo ndiyo pekee iliyolijaribu wazo lenyewe hadi mwisho.

Umbo lake lilifuata kazi yake. Mabawa yalikuwa ya pembetatu, na mapezi mawili makubwa, moja juu na jingine chini, yaliyakata kwa umbo la msalaba. Kwenye ncha nne za msalaba huo kulikuwa na magurudumu madogo ambayo ndege iliyasimamia. Injini ya Allison T40 ilizungusha rafadha mbili zilizopangwa moja nyuma ya nyingine, kila moja ikizunguka kinyume cha mwenzake ili msokoto wa hii ufutwe na wa ile. Kiti cha rubani kiliweza kuinamishwa mbele ndege iliposimama wima, ili asilale chali kama mgonjwa kitandani. Wahandisi, basi, hawakumsahau binadamu; walimfikiria mgongo, wakaisahau shingo.

Kabla ya kuruka huru, Pogo ilifanyiwa mazoezi ndani ya banda la Hangar One katika uwanja wa Moffett, California, jengo lililojengwa katika miaka ya 1930 kwa ajili ya chombo kikubwa cha angani cha gesi, Macon. Kuanzia Aprili 1954 ndege ilifungwa kwa waya uliotoka darini, na mtu aliyesimamia waya aliweza kuidaka iwapo Coleman angeshindwa kuidhibiti. Tarehe 1 Agosti mwaka huohuo ilitolewa nje, ikapaa bila waya. Waya ule wafaa kutazamwa kama kiigizi cha kwanza cha Pogo. Ulimpa rubani nafasi ya kukosea bila kufa, na hiyo ndiyo kazi ya viigizi vyote. Tofauti ni kwamba darini mwa banda lile uzito ulikuwa uzito wa kweli, na upepo wa rafadha ulikuwa upepo wa kweli.

Inafaa kutua kidogo kwenye lugha. Sikio la Mswahili husikia undugu kati ya simuleta na simulizi, ijapokuwa maneno haya hayana nasaba moja. Anayesimulia hueleza jambo lililopita na huwajibika kwa wasikilizaji wake. Wanaweza kumwuliza aliyajuaje. Anayeigiza hulifanya jambo upya, na mtazamaji hukumbuka alichokiona bila kuuliza kilitoka wapi. Programu za urukaji hufanya kazi ya pili, lakini wapenzi wa historia huzipokea kana kwamba zinafanya ya kwanza.

Uigizaji wenyewe si wa kubeza. Programu ya X-Plane, kwa mfano, huligawa bawa na rafadha katika vipande vidogo, ikakokotoa nguvu inayokipata kila kipande, na kurudia hesabu hiyo mara nyingi kwa sekunde. Mjenzi akiingiza vipimo, uzito na nguvu za injini, ndege inaweza kuonyesha tabia ambazo hakuna aliyeziandika moja kwa moja. Mtumiaji hugundua kwa mikono yake kwamba kupaa ni rahisi kuliko kutua. Hugundua pia kwamba ndege inayoning'inia kwenye rafadha zake haina mwendo wa kuyapa mabawa uhai, bali hutegemea upepo wa rafadha unaopita juu ya visukani. Picha ya zamani haiwezi kumfundisha hayo.

Lakini anapotaka kutua, mtumiaji hubonyeza kitufe na kuitazama ndege kutoka nje. Anaona magurudumu, anaona ardhi, anaona kimo kwa tarakimu pembeni mwa kioo. Coleman hakuwa na jicho hilo. Alishuka kinyumenyume akiwa amegeuza kichwa kutazama nyuma ya bega lake, mkono ukipunguza nguvu ya injini kidogokidogo, huku akikisia kwa macho kasi ya kushuka. Aliyamudu hayo kwenye ardhi tulivu, naye alikuwa rubani hodari aliyezoezwa kwa saa nyingi chini ya waya. Jeshi lilihitaji ndege ambayo rubani wa kawaida angeitua juu ya sitaha inayoyumba, usiku au katika mvua. Tena, wakati huohuo ndege za jeti zilikuwa zimekwisha kuzipita kwa kasi ndege zote za rafadha. Sababu hizo mbili zilitosha.

Hapo ndipo hatari ya kihistoria ilipo. Mtu aliyeitua Pogo mara kumi kwa kamera ya nje anaweza kuhitimisha kwamba mashine ilikuwa njema na wakubwa wa jeshi walikuwa waoga. Hitimisho hilo halikutoka katika ushahidi. Lilitoka katika kitufe. Vilevile, namba alizoingiza mjenzi zimetoka katika nyaraka zilezile ambazo mwanahistoria anazo, hivyo kiigizi hakiwezi kuitwa shahidi wa pili wa kuzithibitisha. Kinachoweza kufanya ni kuuliza swali kwa namna mpya, mradi masharti ya swali yawe ya haki: kamera ifungwe ndani ya chumba cha rubani, tarakimu zifutwe, na mtumiaji alazimike kutazama nyuma ya bega.

Hata hivyo mwili utabaki haujaulizwa. Katika uwanja uleule wa Moffett, kituo cha Ames cha NASA kilijenga baadaye kiigizi ambacho chumba chake hupanda na kushuka takriban mita 18, kwa kuwa watafiti wa ndege za kupaa wima walitaka tumbo la rubani nalo lishiriki. Meza ya nyumbani haishuki. Pogo yenyewe imehifadhiwa na taasisi ya Smithsonian, ambako mtafiti anaweza kupima kwa utepe nafasi iliyopo kati ya kiti na ukingo wa chumba cha rubani, yaani nafasi ambayo Coleman alikuwa nayo ya kugeuza kichwa.